Mratibu wa utamaduni anaamua nini? Jinsi programu za wenyeji asilia zinavyosimamiwa katika mashirika ya huduma Kanada

Ukipitia matangazo ya kazi ya mashirika ya huduma za jamii huko Winnipeg, Toronto au Edmonton, hutakosa kukutana na nafasi ya mratibu au meneja wa programu za utamaduni wa wenyeji asilia. Majukumu yanayotajwa ni mengi: kuandaa duara za mazungumzo, kualika wazee, kuwapeleka vijana kambini, kuwafundisha wafanyakazi wengine, kusimamia wasaidizi, kuandika ripoti za wafadhili. Kinachokosekana karibu kila mara ni maelezo ya mambo ambayo mtu huyu anaruhusiwa kuyaamua mwenyewe.

Fundo lenyewe liko hapo. Watu wa nje hudhani ugumu wa kazi hii ni kujua mila: nani hupewa tumbaku, ngoma hupigwa lini, sala huanza vipi. Mila zina wenyewe, na wenyewe wanazijua. Programu nyingi hukwama kwa sababu utamaduni umekaribishwa ndani ya shirika huku madaraka yakibaki kwa wale wale: bajeti inasainiwa na mwingine, kalenda inapangwa na mwingine, na kanuni za ajira ziliandikwa kabla mratibu hajaajiriwa. Nitaeleza fundo hilo kwa mfano wa Kanada, kwa sababu huko limejadiliwa kwa uwazi zaidi kuliko kwingi, na kwa sababu ndugu zetu wengi wanaozungumza Kiswahili, kutoka Kongo, Burundi, Kenya na Tanzania, wameajiriwa katika mashirika haya haya.

Kwanza historia, maana bila hiyo hakuna kinachoeleweka. Tangu karne ya 19 hadi miaka ya 1990, serikali ya Kanada pamoja na makanisa ziliendesha shule za bweni za watoto wa wenyeji asilia. Watoto wapatao 150,000 walipitia humo. Walikatazwa kusema lugha zao, walinyolewa nywele, kaka na dada walitenganishwa, na maelfu hawakurudi makwao. Sambamba na hayo, sheria ya Indian Act iliharamisha potlachi, karamu kuu ya mataifa ya pwani ya magharibi ambamo ukoo hugawa mali na kuthibitisha majina na haki zake, kuanzia 1885 hadi 1951. Shule zilipoanza kupungua, kazi ya kuwaondoa watoto ikahamia kwa maafisa wa ustawi wa jamii. Kati ya miaka ya 1950 na ya 1980, watoto wanaokadiriwa kuzidi 20,000 walichukuliwa kwa wazazi wao na kupelekwa kulelewa na familia zisizo za wenyeji asilia, baadhi yao nje ya Kanada kabisa.

Mambo hayo hayajaisha. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba watoto wa Mataifa ya Kwanza, Métis na Inuit, yaani makundi matatu ya wenyeji asilia wa Kanada, ni asilimia 7.7 tu ya watoto wote wa Kanada walio chini ya miaka 15, lakini ni asilimia 53.8 ya watoto wa umri huo walio katika malezi ya kambo. Manitoba hali ni nzito zaidi: takriban watoto tisa kati ya kila kumi walio chini ya uangalizi wa serikali ni wa wenyeji asilia. Mwaka 2016 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Kanada, katika shauri lililofunguliwa 2007 na shirika linaloongozwa na Cindy Blackstock wa taifa la Gitxsan pamoja na Baraza la Mataifa ya Kwanza, iliamua kwamba serikali kuu ilikuwa ikiwabagua watoto wa Mataifa ya Kwanza kwa kuzipa huduma zao fedha pungufu.

Kwa hiyo shirika la huduma linapofungua programu ya utamaduni, linafanya hivyo likiwa mrithi wa taasisi zilizoufuta utamaduni huo. Bibi anayealikwa kuja kuwafundisha watoto kushona makubazi ya ngozi huenda ndiye aliyenyang'anywa watoto wake na ofisi ya aina hiyo hiyo. Anapopita mlangoni haoni ukuta uliopambwa kwa manyoya na michoro, bali anaona ofisi ya ustawi wa jamii.

Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni chini ya uongozi wa Jaji Murray Sinclair, ilitoa miito yake 94 ya utekelezaji mwaka 2015. Mitano ya mwanzo yote inahusu ustawi wa watoto. Baada ya hapo mashirika mengi yalikimbilia kuunda nafasi za utamaduni. Niseme wazi kwamba sizungumzii hapa mashirika yaliyoanzishwa na wenyeji asilia wenyewe: vile vituo vya urafiki vilivyoanza kuota mijini miaka ya 1950, au Ma Mawi Wi Chi Itata ya Winnipeg iliyoanzishwa 1984, au Native Child and Family Services ya Toronto ya 1986. Hayo yana matatizo yao, lakini swali la nani mwenye nyumba walishalijibu. Ninazungumzia shirika la kawaida, lenye bodi na mkurugenzi wasio wenyeji asilia, lililoongeza idara ya utamaduni pembeni ya huduma zake za malazi, malezi ya kambo au ushauri nasaha.

Tuanze na mzee, kwa kuwa bila yeye programu haipo. Katika mataifa mengi ya nyanda na maziwa, kama Cree na Anishinaabe, anayehitaji msaada wa mzee humwendea akiwa na tumbaku. Humpa, humweleza shida yake, na mzee akiipokea tumbaku ile ndiyo makubaliano yenyewe. Mzee wa namna hii hatambuliwi kwa mvi. Jamii yake ndiyo inayomjua, inajua alifundishwa na nani na ana idhini ya kuendesha sherehe gani. Kuna watu wa miaka 80 wasiobeba dhamana hiyo, na wapo wa miaka 50 wanaoibeba.

Sasa mlete mzee huyu ndani ya mfumo wa uhasibu. Mama mmoja wa umri mkubwa amesafiri saa mbili kwa gari kutoka kijijini kwao, amekaa na wasichana sita tangu asubuhi, amesikiliza mambo ambayo mshauri wa shirika hajayasikia kwa mwaka mzima. Wakati wa kuondoka anapewa fomu ya mtoa huduma wa nje: ajaze anwani, nambari ya bima ya jamii, taarifa za benki, aambatanishe ankara, malipo yatafanyika ndani ya siku 30. Mratibu amesimama pale akiwa na aibu, kwa sababu yeye ndiye aliyempa tumbaku na yeye ndiye atakayekutana naye kwenye msiba wiki ijayo. Mara nyingi hutoa pesa mfukoni mwake, kisha anahangaika miezi miwili kuzirudisha. Mhasibu naye si mtu mbaya, analinda fedha za umma na ana mkaguzi anayemsubiri.

Dawa ya jambo hili inajulikana na haina gharama kubwa. Shirika huandika mwongozo wa posho za wazee, ambao bodi huupitisha mara moja. Kiwango kinajulikana mapema. Fedha zinatolewa siku ile ile, ndani ya bahasha, pamoja na nauli, chakula na malipo ya msaidizi anayeongozana na mzee. Taarifa zinazotakiwa na sheria ya kodi hukusanywa mwanzoni mwa mwaka na mtu anayeaminika, si mlangoni wakati wa kuagana. Mratibu anapewa kiasi fulani cha fedha taslimu anachoweza kukitoa bila saini ya pili, na tumbaku, seji (mmea wa majani yenye harufu nzuri) na vitambaa vya zawadi vinawekwa kwenye bajeti kama vitendea kazi vingine. Shirika lisiloweza kumwamini mratibu na dola 300 lisimtangaze kama kiongozi.

Jengo nalo lina kesi yake. Kufukiza ni ibada ndogo inayofanywa na mataifa mengi, ingawa si yote. Majani makavu ya seji huwekwa ndani ya gamba la abaloni au bakuli la udongo, huwashwa, kisha mwali huzimwa ubaki moshi. Anayeshika bakuli humpitia kila mtu. Mtu huuchota moshi kwa viganja na kujinawisha kichwa, macho na kifua. Msomaji wa pwani aliyekua na chetezo cha ubani nyumbani hatashangaa kwamba moshi unaweza kuandaa mahali na mioyo ya watu. Kwenye ofisi ya ghorofa ya tatu, hata hivyo, moshi huo huo huamsha king'ora, humkera mpangaji wa jirani, na humletea shida mfanyakazi mwenye pumu.

Meneja mzembe hupiga marufuku, na mwoga husema "tutaangalia". Anayejua kazi yake huzungumza na mwenye jengo kabla ya kusaini mkataba wa pango, hutafuta chumba chenye feni ya kutoa hewa, huweka utaratibu wa kuzima kitambua moshi cha chumba hicho kimoja na kukiwasha tena, na hubandika tangazo mlangoni ili mwenye pumu ajue. Sheria nyingi za majimbo zimeacha nafasi: ile ya Ontario ya kudhibiti uvutaji, kwa mfano, inatambua matumizi ya tumbaku ya kimila. Lililo muhimu ni ruhusa iwe ya kudumu. Ikiwa mratibu ni lazima aombe kwa barua pepe siku tatu kabla, mtoto aliyeamka leo na majonzi hawezi kufukiziwa leo.

Uajiri una vizingiti ambavyo wasiohusika hawavioni. Shirika hutaka shahada ya kazi za jamii, na wakati huo huo hutaka mtu aliyelelewa na babu na bibi, anayesema lugha, anayejulikana na wazee. Watu wenye vyote viwili wapo, ila ni wachache na wana kazi tayari. Basi shirika huchukua mwenye shahada na kumtarajia awe na yale mengine, au humchukua mjuzi wa mila na kumlipa mshahara wa msaidizi kwa kuwa hana cheti. La pili linaniuma zaidi. Ujuzi uliomchukua mtu miaka 30 kuupata chini ya mafundisho ya wazee unapangwa ngazi moja chini ya stashahada ya miaka miwili, halafu shirika hilo hilo linaweka picha yake kwenye jalada la ripoti ya mwaka.

Kuna pia uchunguzi wa rekodi za polisi. Wenyeji asilia ni asilimia 5 ya wakazi wa Kanada, lakini ni takriban theluthi moja ya wafungwa wa magereza ya shirikisho. Kanuni inayomkataa kila mwenye rekodi, bila kuuliza kosa lilikuwa nini na lini, huwafyeka wanaume wengi walioacha pombe, wakarudi kwenye mila, na leo ndio wanaoweza kuongea na kijana wa miaka 16 akawasikiliza. Silegezi lolote kuhusu usalama wa watoto. Makosa dhidi ya watoto hayajadiliwi, na mtu wa namna hiyo hana nafasi, awe na mila au asiwe nazo. Lakini ugomvi wa ulevini wa mwaka 1994 unahitaji kikao, maelezo ya maandishi na uamuzi wa watu watatu, mmoja wao akiwa mzee wa jamii.

Kwa upande mwingine, wako wanaodai asili wasiyo nayo ili wapate nafasi. Vyuo vikuu kadhaa vya Kanada vimepata fedheha ya namna hii tangu 2021, na mashirika ya huduma hayako salama. Sheria za haki za binadamu zinaruhusu kutenga nafasi kwa wenyeji asilia, ila namna ya kuthibitisha ndiyo shida. Kadi ya serikali haitoshi, maana sheria za kikoloni ziliwanyima hadhi ya kutambuliwa kama wenyeji asilia wanawake wengi walioolewa nje pamoja na watoto wao. Kujitangaza peke yake hakutoshi pia. Swali ambalo wazee wenyewe huuliza ni jepesi: wewe ni wa nani, na watu wako ni wa wapi? Mtu aliyetengwa na familia akiwa mtoto anaweza kulijibu kwa kusema ukweli wa safari yake. Mwongo hulikwepa.

Sasa jambo ambalo naliona zito kuliko yote, nalo halizungumzwi sana kwenye mafunzo ya uongozi. Maadili ya kazi za jamii yamejengwa juu ya umbali: usimhudumie ndugu yako, usikubali zawadi, usikutane na mteja nje ya ofisi. Mfanyakazi wa utamaduni hana umbali huo na hawezi kuwa nao. Faili iliyofunguliwa asubuhi ni ya binamu yake. Mteja wa jana atakuwa amekaa pembeni yake kwenye karamu ya Jumamosi. Kukataa chakula au zawadi ndogo ni kumdhalilisha aliyetoa. Ukaribu huo ndio uliofanya aajiriwe, na ukaribu huo huo ndio kanuni inaouita mgongano wa maslahi.

Linazidi kuwa gumu duara la mazungumzo linapoanza. Yanayosemwa kwenye duara hubaki kwenye duara. Hata hivyo sheria za majimbo zinamtaka kila mfanyakazi wa aina hii kutoa taarifa anapokuwa na sababu ya kuamini kwamba mtoto yuko hatarini. Msichana akisema jambo usiku kambini, mfanyakazi wa utamaduni anabaki katikati ya ahadi mbili. Akitoa taarifa kwa ofisi ambayo jamii inaiogopa, huenda wasichana wengine wasiseme tena. Asipotoa, mtoto anaweza kuumia na yeye anavunja sheria.

Hakuna njia ya kukwepa sheria hiyo, na sidhani inapasa kukwepwa. Kinachowezekana ni kuisema mapema, kabla duara halijafunguliwa, kwa maneno ambayo mtoto ataelewa: kuna mambo nitakayoyatunza, na kuna mambo ambayo nikiyasikia sitakuacha uyabebe peke yako, nitayapeleka mbele na nitakuwa pamoja nawe. Kisha shirika lipange kwamba taarifa ikitolewa, mfanyakazi huyo hatakuwa yeye tena anayeenda kumchukua mtoto. Majukumu hayo mawili yatengwe kwa maandishi. Na suala la undugu lisitatuliwe kwa marufuku ya jumla. Litatuliwe kwa kutangaza uhusiano na kugawa maamuzi: binamu anaweza kuendesha sherehe, ila hatapiga kura kuhusu mtoto apelekwe wapi.

Ndiyo sababu mfanyakazi wa utamaduni anahitaji wasimamizi wawili. Mmoja ni wa utawala: likizo, bajeti, tathmini. Mwingine ni mzee au baraza la wazee ambalo mfanyakazi hulirudia anapotatizwa na jambo la kiroho au la kijamii. Muda wa kukaa na huyu wa pili uhesabiwe kama saa za kazi. Na baraza la wazee, kama lipo, lipewe mambo ambayo neno lake ni la mwisho: sherehe gani ifanyike, nani aiendeshe, nini kisipigwe picha. Baraza linaloulizwa maoni tu, kisha mkurugenzi akaamua, huchoka haraka. Wazee hawagombi, wanaacha kuja.

Mzigo wa ziada nao hauandikwi popote. Juni 21 ni siku ya kitaifa ya wenyeji asilia, na Septemba 30, tangu 2021, ni siku ya kitaifa ya ukweli na maridhiano. Wiki zinazozizunguka tarehe hizo, simu ya mratibu haipoi. Kila idara inataka mtu wa kufungua kikao, kueleza historia, kupiga ngoma, kusahihisha tamko la kutambua wenyeji wa ardhi. Mwishoni mwa Mei 2021, taifa la Tk'emlúps te Secwépemc lilipotangaza kwamba rada ilikuwa imeonyesha dalili za makaburi yasiyo na alama kwenye eneo la shule ya bweni ya zamani huko Kamloops, wafanyakazi wengi wenyeji asilia walikuwa wakiwalilia watu wao, na wakati huo huo waliombwa na wenzao wawaelimishe na kuwafariji. Meneja anayejali anatakiwa awe mtu wa kusema hapana kwa niaba yao. Maombi yapite kwake, yawe na kikomo kwa mwezi, na elimu ya msingi ya wafanyakazi wasio wenyeji asilia inunuliwe kwa wakufunzi wa nje badala ya kuvunwa kwa mtu mmoja kwenye korido.

Likizo ya msiba ni kipimo kizuri cha shirika. Sera za kawaida zinataja mzazi, mwenzi, mtoto, ndugu. Hazimjui shangazi aliyemlea mtu, wala hazijui kwamba mazishi yanaweza kuchukua siku nne na kwamba mfanyakazi ndiye anayetunza moto usiku. Tangu Septemba 2019, kanuni ya kazi ya shirikisho inawapa wafanyakazi wenyeji asilia hadi siku tano kwa mwaka, zisizo na malipo, kwa ajili ya shughuli za kimila kama kuwinda, kuvua na kuvuna. Mashirika mengi ya huduma yako chini ya sheria za majimbo, kwa hiyo kanuni hiyo haiyalazimishi. Hakuna kinachoyazuia kuiga, na kuongeza malipo.

Fedha huja na kalenda yake, na kalenda hiyo ni adui asiyetajwa. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Aprili 1 na kuisha Machi 31. Andiko la mradi huidhinishwa kwa kuchelewa, hela huingia vuli, na lazima zitumike kabla ya mwisho wa Machi, huku theluji ikiwa magotini. Lakini seji huchumwa kiangazi. Ngoma ya Jua, sherehe kubwa ya kiroho, hufanyika kiangazi. Mnyama mkubwa wa misituni wanayemwita moose huwindwa vuli. Matokeo yake ni semina nyingi za ukumbini mwezi Februari na kambi chache za porini Julai. Mkataba wa miaka mitatu wenye ruhusa ya kuvusha salio unaisaidia programu kuliko ongezeko la fedha lenye masharti ya mwaka mmoja. Meneja anayejadiliana na mfadhili aanzie hapo.

Kuhusu ripoti sitarefusha. Mfadhili anataka idadi ya waliohudhuria, apewe. Lakini yanayosemwa na kufanywa kwenye sherehe si takwimu za shirika. Mataifa ya Kwanza yalikwisha kuweka msimamo wao tangu 1998: umiliki, udhibiti, ufikiaji na utunzaji wa taarifa zao ni haki yao wenyewe. Kurekodi hadithi ya mzee na kuiweka kwenye seva ya shirika bila makubaliano ya nani ataitunza na nani ataifuta ni kuchukua kitu ambacho hakikutolewa.

Kosa jingine la kawaida ni kuwafanya wote kitu kimoja. Kwenye nyumba moja ya vijana Winnipeg wanaweza kuwepo Mcree, Mdakota, Mdene na Muinuit. Muinuit hana mila ya kufukiza seji. Bibi yake huwasha taa ya mafuta ya sili iliyochongwa kwenye jiwe laini. Mmétis anaweza kujisikia nyumbani kwa fidla na mkanda wa rangi kuliko kwenye kibanda cha mvuke. Na familia nyingi za wenyeji asilia ni za Kikristo kwa vizazi kadhaa, baadhi hazitaki kabisa sherehe za zamani, na mtoto wao ana haki ya kukataa. Kumlazimisha mtoto kwenye mila kwa jina la kumrudishia mila ni kurudia kosa la shule za bweni kwa upande wa pili. Kwa hiyo fomu ya kwanza kabisa ya mtoto iulize taifa, jamii, lugha na matakwa ya familia, na mtu aipigie simu jamii hiyo. Kisanduku kimoja kilichoandikwa "mwenyeji asilia" hakimsaidii mtu.

Hapa wapo wasomaji wanaohusika moja kwa moja. Winnipeg ndio mji wenye wenyeji asilia wengi kuliko mji wowote wa Kanada, na ndio huko huko ambako Wakongo na Warundi wengi waliotoka kambi za wakimbizi wamepata makazi. Wengi wameajiriwa kwenye nyumba za vijana, zamu za usiku, bila maandalizi zaidi ya siku chache. Tangu Juni 2021, kiapo cha uraia kinamtaka raia mpya aahidi kufuata sheria za Kanada, ikiwemo katiba inayotambua haki za asili na za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis. Wenzetu wamekitamka kiapo hicho na wengi hawakuelezwa maana yake.

Nimesikia wakisema, "Hawa ni kama sisi, wanaheshimu wazee." Upendo uliomo humo ni wa kweli na vijana huuona, wengi humzoea haraka zaidi mama wa Bukavu kuliko mtaalamu aliyetoka kitongoji cha matajiri. Lakini kufanana kunaweza kupotosha. Kijana akikaa kimya na kuangalia chini, kwake inaweza kuwa adabu, na mlezi wetu akadhani ana kiburi au anaficha jambo. Na kuna mengine tuliyokuja nayo: mahubiri kwamba seji na ngoma ni mambo ya shetani. Meneja asilionee haya hilo. Amwambie mfanyakazi siku ya kwanza kwamba halazimiki kushiriki sherehe, ila kumtisha mtoto kuhusu mila za watu wake ni kosa la kinidhamu, sawa na kumpiga.

Likabaki lile ambalo bodi nyingi hazijaliweka kwenye ajenda. Sheria ya shirikisho kuhusu watoto, vijana na familia za Mataifa ya Kwanza, Inuit na Métis, iliyoanza kutumika Januari 1, 2020, inatambua kwamba watu hawa wana mamlaka yao ya asili juu ya huduma za watoto wao. Quebec iliipinga, na Februari 9, 2024 Mahakama ya Juu ya Kanada ikaamua kwa kauli moja kwamba sheria yote ni halali kikatiba. Wabaseemoong Independent Nations ya Ontario na Cowessess ya Saskatchewan zilikuwa miongoni mwa za kwanza ambazo sheria zao zilianza kutumika, mwaka 2021. Utaratibu ni huu: taifa linaiomba serikali makubaliano ya uratibu, yakifikiwa, au ikipita miezi 12 ya juhudi za dhati bila kufikiwa, sheria yake inapata nguvu ya sheria ya shirikisho.

Maana yake kwa shirika la kawaida ni kwamba sehemu ya watoto wake itahamia kwa mataifa yao, na programu ya utamaduni ya ndani itapungua. Mkurugenzi mwenye hofu huliona hilo kama kupoteza wateja na bajeti. Kwa kweli ndiyo kazi iliyokuwa ikingojewa. Mratibu wa utamaduni, ambaye kwa miaka amekuwa akipiga simu vijijini kutafuta mashangazi na mababu wa watoto, ndiye mwenye ramani ya kuwarudisha. Aingizwe sasa kwenye kikao cha menejimenti, apewe karani, na wapitie kila faili: mtoto ni wa taifa gani, ndugu zake ni nani, nani aliwahi kuomba kumlea akakataliwa kwa sababu ya nyumba ndogo au rekodi ya zamani. Wale waliokataliwa wapigiwe simu kwanza.